Umewahi

Katikati ya fomu kuna swali moja:
Umewahi kutibiwa kwa sababu ya dawa za kulevya?
Kisanduku cha ndiyo. Kisanduku cha hapana.

Fomu yenyewe Soren hajaijaza. Ana miaka kumi na sita.
Anataka kurusha zile ndege za njano
zinazochota maji ziwani bila kutua
na kuyamwaga juu ya msitu unaoungua.
Picha zake zimebanduka pembe ukutani, tangu darasa la pili.
Jumanne, chini ya godoro, nilikuta vidonge vya buluu
ndani ya kopo la peremende.

Sikupiga kelele. Nilitandika kitanda upya.
Hilo ndilo linalonitia aibu:
nilitandika kitanda, nikanyoosha na foronya.

Mimi ni karani wa kumbukumbu
katika hospitali ya kilimani, hapa Duluth.
Miaka mitatu nyuma lilipita jina la binti wa Lindqvist,
jirani yetu wa kaskazini.
Faili lile halikunihusu. Nililifungua.
Dakika moja. Labda mbili.
Sikumwambia mtu, wala Arvid.
Ila tangu hapo, nikimwona binti yule anasukuma theluji mlangoni kwao,
salamu yangu hutoka imepungua,
naye huipokea hivyo hivyo, pungufu.

Basi msinisomee sheria ya usiri.
Naitia saini kila Januari.
Najua pia jicho linavyoteleza,
kwa kuwa jicho lenyewe ni langu.

Bima ni ya kazini kwa Arvid, bandarini, kwenye madini ya chuma.
Mhasibu wao ni shemeji wa kocha.
Tukauza pikipiki ya theluji. Taslimu.
Nikapiga simu Fargo, mwendo wa saa nne, hatujulikani huko,
nikajiita Kivela, jina la mama kabla hajaolewa.
Sauti ya upole ikaniambia: nafasi ipo, baada ya wiki tatu.
Nikasema asante.
Kilimani kwetu kitanda kilikuwa wazi kesho yake.
Nilikijua kwa namba.

Usiku wa tisa nilisimama mlangoni kwake nikihesabu.
Kati ya pumzi ya saba na ya nane
lingepita treni la madini na mabehewa yake yote.
Ya tisa sikuingoja.

Kwenye dirisha la mapokezi alikuwa Noreen,
tunayekula naye mchana, anayejua nisivyopenda kitunguu.
Aliinua macho.
“Jina la mgonjwa?” akauliza, kana kwamba hajawahi kumkatia keki.
Nikalitaja lote, herufi kwa herufi, kwa sauti,
na watu wawili kwenye viti wakageuka.
Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi:
mikono yangu, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne,
haikuwa imebeba kitu.

Alfajiri daktari alitoka, kijana, kiatu kimoja hakijafungwa kamba.
Alisema neno moja tu, “Mmewahi,”
akarudi ndani.

Ndege za njano huenda wakamnyima.
Sitamdanganya kuhusu hilo.
Kalamu itakuwa yake, na nitakaa upande wa pili wa meza
nimefunga mdomo, kama nikiweza.
Swali litauliza, umewahi?
Nami nitalisikia nilivyolisikia alfajiri ile,
neno la mtu aliyefika mlango ungali wazi.

Tulirudi nyumbani mchana, mimi na Arvid, bila yeye.
Usiku ulikuwa umemwaga theluji ya kufika magotini.
Njia ya kwetu ilikuwa imeshasukumwa,
safi, mpaka kwenye ngazi.
Nyayo zilirudi kaskazini.
Arvid aliuliza ni nani.
Nilitafuta ufunguo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.