Chini ya Ngazi, Mkomani

Miaka sita ndani ya gunia, chini ya ngazi,
na chumvi ikaifuata huko huko.
Nimetandaza gazeti uani:
kikombe cha bobini, skrubu kumi na moja,
sindano iliyogeuka udongo.

Shaba nimeiosha kwa ukwaju, ikacheka upesi.
Chuma kimekaidi. Mafuta taa, msasa, mswaki mkongwe;
kidole gumba kimeshika rangi ya chai.

Mwanakheri auliza, "Kwani utashona nini?"
Sijui. Pengine mapazia.

Kutu ilipobanduka penye mguu wa kushonea,
uzi wa buluu. Ncha aliikata kwa meno,
mkasi ukiwa mapajani.
Sare yangu ya darasa la nne.

Hapo sikusugua.
Nimetia tone la mafuta, nikalizungusha gurudumu
kwa mkono. Likagoma. Likalia.
Likaenda.