Mume Mwenza

Usiku wa zamu, kwenye kichupa cha damu,
mahali pa jina la mgonjwa
nimeandika: Kashata.
Daktari Ussi kasoma, kanitazama, kasoma tena.
"Huyu Kashata wodi gani?"
Samahani, nikamwambia, huyo wangu.
Hajalazwa. Yuko nyumbani, amesimama.

Kashata ni mshahara.
Miezi saba nilikaa mapokezi nikisema karibu kwa lugha nne,
hoteli ikafilisika, mwenyewe akapanda ndege,
wenzangu wakagawana magodoro, majokofu, viti vya ufukweni.
Mie nilikuwa msalani.
Nilipotoka kimebaki chenye miguu minne
na kidonda mgongoni.

Jambiani si nchi ya farasi.
Chini mawe, juu chumvi,
ukoka wa kuhesabu kwa vidole.
Majani nayafuata Muyuni kwa baiskeli,
Jumamosi, siku ya kufua, siku ya kumsuka Nasriya,
narudi na magunia mawili na mwili mzima unawasha.
Nasriya kajisuka mwenyewe.
Upande mmoja.

Saa kumi za usiku nazoa mavi.
Kumi na moja swala.
Kumi na mbili boflo, chai, soksi ya skuli haionekani,
na nikiingia maabara Makunduchi
mwenzangu Time hunyanyuka, bila ya neno,
akafungua madirisha yote.

Arusi ya wifi yangu
nguo nilizifukiza udi mara mbili.
Usiku ule Kashata akala mchanga, tumbo likamsokota.
Nikamtembeza uani mpaka alfajiri,
gauni la kumetameta, hina haijakauka,
sikio nimelitia ubavuni mwake
nikisikiliza utumbo
kama anayebisha hodi nyumba aliyoiacha na taa.
Uliponguruma, nililia.
Arusini wakasema: yule anaringa.

Vuai alinyamaza siku tatu. Ya nne akasema:
"Mie nimeoa mke mmoja.
Yeye kaniletea mume mwenza,
tena ana nywele kunishinda."

Nami sina la kujibu.
Fedha ya bati la jikoni imekwenda kwenye kwato.
Masika yote sufuria mbili zilipika, ya tatu ikakinga mvua.
Mshika mawili moja humponyoka, wasema.
Mie nimeshika matatu,
na hatamu nimeifunga kwenye kidole cha mwisho.

Mfunguo Pili akaja mnunuzi kutoka Nungwi,
milioni mbili na nusu, taslimu, kwenye bahasha.
Nikamwambia Vuai: muuze.
Lakini muuze nikiwa kazini.
Siku ile nilihesabu vijidudu vya malaria chini ya lenzi,
nikapoteza hesabu, nikaanza upya,
nikapoteza.

Nilirudi magharibi.
Bahasha haipo. Mnunuzi hayupo.
Vuai kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanipa mgongo.
"Nimemuuliza, farasi huyu anaogopa nini?
Kasema, farasi hana khofu.
Nikamwambia, bwana, huyu anaogopa mwavuli,
na wewe umekuja nao."
Hakuongeza.
Mfukoni mwa shati lake zimechungulia tende tatu.
Mwezi wa tende umepita kitambo.
Sikuuliza ni za nani.

Bati bado. Jikoni panavuja palepale.
Ila leo, kwenye karatasi ya zamu niliyoibandika mlangoni,
nimekuta mwandiko usio wangu:
Jumamosi, majani — V.
Na chini yake, kwa penseli nyekundu, herufi zimelala kila moja upande wake:
nywele — mama. pande ZOTE.

Jumapili pako wazi.
Hapo tutagombana.