Risiti ya Hamsini

Diwani Lihanda alisimama kwenye bunge la kaunti
akakataa ushuru wa soko upande hadi themanini.
Tulimsikia redioni, Kangemi, tukichambua sukuma;
Khavere akapiga kigelegele, kisu kikamponyoka.

Thelathini, basi, hubaki kwangu kila siku.
Nimezihesabu: kiberiti, chumvi ya kupima,
na zilizosalia nazifunga kwenye pindo la leso.

Kanjo huja alfajiri na kitabu chake,
ananikatia karatasi ya waridi: hamsini.

Lakini taa ya nguzo ile, karibu na choo,
ilikufa mwezi wa tatu.
Mtaro umeziba kwa maganda;
mvua ikinyesha twauza tumesimama juu ya matofali.

Nilimuuliza diwani. Akacheka, kwa upole:
"Mama, kwa hamsini nikununulie jua?"
Sikumjibu. Nilimfungia managu mafungu mawili.
Alilipa. Hakuomba nipunguze.

Usiku huu nafunika meza kwa mwanga wa simu,
na simu yenyewe inakata moto.
Giza nalo halijapandishwa bei.
Napapasa pindo:
vidole vinaijua thelathini ilipo
hata bila taa.