Saa Tatu, kwa Saa za Kwenu

Nakujua kwa nyayo tu, mwaka wa tatu huu.
Hapa Tallinn theluji inapapasa kioo
nami napekua kumbukumbu za mitambo
kama mke mwenye wivu apekuavyo mifuko.

Unaingia kazini saa tatu, kwa saa za kwenu.
Saa sita na nusu vidole vinanyamaza:
umekwenda kula. Supu, nadhani.
Jumapili huibi. Sikukuu za taifa lenu, huibi.
Mwizi gani huyu mwenye likizo ya malipo,
mwenye bosi, na bosi mwenye bendera mezani?

Kuna neno moja unalikosea daima,
herufi ileile unaiacha nje,
kama mtu asahauye kifungo cha shati.
Programu zako huzipa majina ya samaki.
Ile ya zahanati ya Võru uliiita Kambare.

Kambare alilala topeni siku arobaini,
kisha usiku mmoja wa Februari akatikisa mkia.
Skrini zote zikawa nyeupe.
Mzee Endel, ambaye figo zake zilishastaafu,
akapakiwa katika gari la jirani,
kilomita sabini za barafu hadi Tartu,
blanketi miguuni,
akiuliza vita vimeanza lini.
Alifika. Naandika kwa haki: alifika.
Wengine sikuuliza.

Halafu ukapotea siku tisa.
Uliporudi, kazi yako ilikuwa ya ovyo, mianya tele.
Msiba? Mtoto mchanga asiyelala?
Nikajikamata nikikuonea huruma,
nikazima kompyuta, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jana waendesha mashtaka walitoa picha yako.
Masikio yamesimama, kola ya sare inakukaba.
Jina, cheo, mwaka wa kuzaliwa:
kumbe tu marika.
Serikali ina mkono mrefu, husema watu;
wetu umeishia kwenye mlingoti wa mpakani.
Umenyimwa fukwe za ugenini, basi.

Leo saa tatu, kwa saa za kwenu, nilikaa na kahawa.
Saa tatu na robo. Na nusu. Kimya.
Ilipokaribia saa nne, mtambo mmoja wa bandari ya Riga
ukakohoa.
Mlango uleule, ufunguo uleule,
na lile neno lako, limeandikwa sawasawa,
herufi zote zipo.

Nikangoja saa sita na nusu.
Huyu hakwenda kula.