Safu ya Kumi na Saba

Saa tatu kamili nilimkuta nje ya hoteli mjini Beaune,
Bwana Zbigniew, koti mkononi, viatu vya matope
siku ambayo haikuwa na tope.
Alikuwa amelipa siku nzima, gari zima, na mimi mzima,
euro mia nne na themanini, asichanganywe na watu wa basi.
Nikamfungulia mlango wa nyuma. Akakaa mbele.

Nina maneno yangu. Mwaka wa kumi na moja huu nayasema
kwa sauti ile ile, kwenye kona zile zile:
hapa chokaa, pale mfinyanzi,
mteremko huu hulipata jua likiwa bado na njaa,
ule hulipata likishashiba;
na kijia hiki, upana wake trekta moja,
ndicho kinachotenga chupa ya euro kumi na mbili
na chupa ya mia mbili na tisini.
Hapo wageni hucheka.
Yeye alisema, "Pale juu palikuwa na mtufaha."

Ulikuwapo. Ulikatwa kabla sijaoa.

"Simama," akasema. Nikasimamisha gari.
Akashuka, akahesabu safu kwa kidole, midomo ikicheza,
kumi na tano, kumi na sita,
akaingia kati ya mizabibu akainama,
si kama mtu anayetafuta picha:
goti moja chini, mkono wa kushoto chini ya kishada,
wa kulia ukifumba na kufumbua mkasi usiokuwapo.
Alichelewa kunyooka. Akajishika kiuno, akacheka peke yake.
Ndipo nikaliona kovu kwenye kidole cha shahada cha kushoto,
jeupe, limepinda. Mama yangu analo kama hilo.
Mkasi wa mavuno hauchagui kidole na kikonyo.

Mchumia juani, husema watu, hulia kivulini.
Hawasemi kivuli huchukua miaka mingapi kufika.

Pishini kwa Bi Huguette kulikuwa baridi ya kisima.
Mapipa yamelala, ukungu mweusi ukutani kama manyoya ya paka.
Bi Huguette alimfundisha kushika glasi:
shingoni, bwana, si tumboni;
izungushe, inuse, itembeze ulimini,
kisha ndoo ya kutemea ile pale.
Alifuata yote isipokuwa ndoo.

"Mwaka themanini na tisa," akauliza, "mnao?"
Chupa mbili. Hazimo katika bei ya ziara.
Akahesabu noti mezani taratibu, akizinyoosha pembe.

Divai ilitoka na rangi ya matofali ya zamani.
Bi Huguette akafumba macho. "Mwaka huo
mbingu zilitupenda. Septemba yote jua,
hata tone moja halikuanguka."
"Siku mbili," alisema Zbigniew. "Jumanne na Jumatano.
Tulilowa mpaka mifupani."

Tulilowa.
Neno dogo hilo likabaki mezani
katikati ya mkate na jibini, na hakuna aliyeligusa.
Bi Huguette alikitazama kile kidole.
Nadhani alikuwa akitafuta jina, au uso wa kijana,
kati ya nyuso arobaini juu ya magunia ya zizini,
na hakupata. Walikuwa wengi. Waliitwa kwa namba za safu.
Akachukua glasi yake mwenyewe, akaijaza kupita kiasi,
akainywa kama maji, yeye anayetema tangu usichana wake.
"Ikoje?" akamuuliza.
Zbigniew alifikiri kwa muda mrefu.
"Sikuwahi kujua," akasema. "Sisi tulipewa ya dumu."

Kurudi, jua liliingia kwa kioo cha nyuma.
Nilikuwa na hadithi ya watawa ya kilomita nne,
na mzaha wa punda. Niliziacha.
Viatu vyake vilimwaga udongo mwekundu kwenye zulia la gari.
Karibu na mzunguko wa barabara akaniuliza:
katika zile mia nne na themanini,
wewe, Anselme, unapata ngapi?
Nikamwambia.
Akafungua dirisha.