Inchi Tisa

Nélida ametandaza gazeti la juzi mezani,
akazilaza juu yake kama samaki wanaongoja chumvi:
ya kumi na moja, ya tisa, ya nane.
Hizo ni inchi, lakini si za upana.
Upana wa rafadha zote tatu ni shubiri moja, na kidogo.
Inchi hizi ni za hatua:
rafadha ikizunguka mara moja tu
ndani ya maji yasiyoteleza
(maji hayo hayapo, asema fundi Zenón,
si hapa kwenye delta ya Paraná, wala kwingine)
ingesonga mbele kiasi hicho,
kama skrubu ijipenyezavyo ubaoni.

Ya kumi na moja ilikuwa ya Ovidio.
Ovidio na boti tupu, Jumapili, kofia kisogoni,
akikata kona ya kijito cha Tres Garzas
hadi nguo za jirani zilizoanikwa gatini
zikafuliwa mara ya pili.
Hatua ndefu, za mtu asiyebeba kitu.

Huu mwaka wa pili tangu azikwe.
Sasa boti ni ya mikate,
ya mitungi sita ya gesi, viazi, sabuni,
ya bibi Eduvigis na mguu wake wa kliniki,
na kila Alhamisi mwalimu wa muziki
aliyepakata kodiani kama mtoto mwenye homa.
Mashine ni ileile, nguvu za farasi kumi na tano,
ila farasi walikuwa wakikoroma.
Mpini umezungushwa hadi mwisho
na boti bado imekaa kitako,
inasukuma kilima cha maji ya kahawia
wala haikipandi.
Nélida akashuku petroli. Akabadilisha plagi.
Akaosha kabureta kwa mswaki wa zamani.
Akamlaumu Mungu kidogo, na Ovidio zaidi.

Zenón alikuja na saa ya kuhesabia mizunguko.
"Pakia kama siku zote," akasema,
"usinidanganye kwa boti tupu."
Akapakia. Hata Eduvigis alikubali kupimwa,
kimya, mwavuli mkononi, kana kwamba anapigwa picha.
Elfu nne na mia saba.
"Inataka elfu tano na zaidi. Mchukuzi huyu
umemvika miguu ya mkimbiaji."

Wakafunga ya nane.
Boti ikainuka na mzigo wake wote,
Eduvigis akacheka kwa sauti ambayo hakuna aliyeijua.
Lakini wakati wa kurudi, mitungi imeshashushwa,
mashine ikapiga kelele za nguruwe aliyebanwa langoni:
elfu sita na mia tatu, na mshale unapanda.
Zenón akaizima kwa kiganja, bila neno.

Ya tisa haikumfurahisha mtu.
Na mzigo, inainuka baada ya kufikiri.
Bila mzigo, inalalamika, haipigi mayowe.
Nélida akaipitisha kidole kwenye ukingo,
akasema, "Hii."

Damián, mpwa wake wa mjini, alipiga simu:
nunua ya chuma cha pua, shangazi, inang'aa, haipindi.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Yeye hajui magogo ya mierebi
yanayolala chini ya maji baada ya mafuriko.
Alumini hukunja sikio, basi.
Chuma hakikunji chochote; pigo hulipeleka ndani,
kwenye giya, na giya ni mikate ya miezi minne.

Amekaza nati. Amepitisha pini, akaikunja ncha.
Ile ya kumi na moja ameivingirisha kwenye fulana ya Ovidio,
akaisukuma chini ya kiti pamoja na spana.
"Siku nikigonga gogo," asema,
"yeye ndiye atakayenirudisha nyumbani,
polepole.
Akiwa hai hakuwahi."

Kisha akanawa grisi kwa majivu na limau,
maana unga ulikuwa unangoja.