Mfuniko wa Mtungi

Nilikwenda Kongowea kutafuta pazia
nikaiona juu ya mtungi wa Mama Nyamvula,
muuza maji ya ndimu nyuma ya mabanda ya mitumba:
duara jeusi, tundu la katikati limezibwa kwa nta,
kikombe cha bati kimekaa juu yake.
Nikamwambia, mama, hii ni santuri.
Akasema, huu ni mfuniko.
Kama wautaka, niletee sahani.

Nikamletea sahani. Mbili,
maana nilijua nampunja.

Nyumbani Bondeni niliiosha kwa sabuni ya mche,
kidole kikifuata mfereji,
kama mtu aoshavyo sikio la mtoto asiyetaka.
Ndimu ilikwisha kula karatasi ya jina.
Zilisalia herufi: VIJ NA WA KUZ
na chini yake, kwa kalamu, bei: shilingi sita,
ikakatwa, ikawa tatu,
ikakatwa.

Vijana wa Kuze. Nikauliza mtaa mzima.
Mwenye duka la kanda alisema hawakuwahi kuwako.
Bibi mmoja alisema walikuwako,
wakipiga harusi za wasio na kitu, ujira wao biriani.
Mwingine akaapa ni timu ya mpira.

Gramafoni ya kuazima, sindano ya kuazima.
Mkanda ulikuwa umekatika, nikafunga mpira wa nywele,
kwa hiyo sauti ilianza nzito, ya mtu aliyeamshwa,
ndipo ikajikaza.
Magitaa mawili, hayakupatana vizuri.
Ngoma ni sanduku la chai, nasikia misumari yake.
Na kijana anaimba puani,
hana haja ya kumpendeza mtu:

*Barua yako imefika, stempu imebanduka,
faini nimelipa mimi, na ndani hamna kitu.*

Ubeti wa tatu, feri ya Likoni yapiga honi.
Honi nzima, ndani ya santuri!
Hawakusimama. Mpiga besi aliidaka
akateremka nayo ngazi kwa ngazi
mpaka kwenye kiitikio.
Niliirudia mara kumi na moja.
Jirani aligonga ukuta. Nikairudia.

Wiki ya nne nilimpata mpiga besi Mikindani,
Athumani Shekue, hushona magodoro ya sufi.
Kwanza aliuliza nimetumwa na nani.
«Kama ni deni la studio ya Lobo, Lobo amekufa.»
Nikamwekea simu sikioni.
Alisikiliza, sindano ndefu mkononi,
sufi nyeupe kwenye nyusi.
Hakutabasamu.
«Hapo kwenye honi,» akasema, «nilikuwa nimepotea.
Feri ndiyo iliyonirudisha.»

Zilitengenezwa mia mbili.
Mia na tisini zilirudi nyumbani kwao
zikainua kitanda.
Mama yake akazigawa, moja moja,
kwa kila mwenye mtungi.

«Na maneno? Aliyatunga nani?»
Akavuta uzi, akaukata kwa meno.
«Zamzam. Hakuandikwa.
Alisimama nyuma, akapiga makofi.
Sikiliza makofi.
Yule achelewaye kidogo, ndiye.»

Sasa simsikii mwingine.
Gitaa zimekuwa ukuta, mwimbaji amekuwa mlango,
na nyuma yake kiganja kimoja
kinafika baada ya vyote,
kama mtu aliyekuwa akifikiri kwanza.

Nilirudi Kongowea. Mama Nyamvula akauliza,
«Mfuniko umeimba?»
Nikamsikilizisha. Alivumilia ubeti wa kwanza, wa pili,
ilipofika honi akacheka mpaka maji yakamwagika:
«Hiyo naijua!»
Akaniongezea ndimu.
Sahani moja, akasema, imekwisha vunjika.

Leo nimeandika kwa kalamu, palipokatwa bei:
*Zamzam binti*
Jina la babake, Athumani halikumbuki.
Nimeacha nafasi.